Mtambo wa Baridi Katika Datsun ya Marehemu Ami

Siku ya pili ya Idd, katika foleni ya feri ya Likoni upande wa kisiwani, gari letu lilichemka. Kaskazi ilikuwa imekwisha nguvu na kusi bado haijavuma. Jua lilikuwa la utosi, na mbele yetu malori na matatu zimesimama kimya. Kando yangu ameketi mjane wa marehemu ami yangu, ambaye sote twamwita Mama, amejitanda buibui lake, na mapajani ana mkebe wa visheti aliokuwa akiwapelekea jamaa zake Mtongwe.

Kwanza tulisikia mlio mkali chini ya boneti, kama chuma kinachosagwa. Punde si punde mkanda ukakatika kwa kishindo. Sindano ya joto ilikuwa imekwisha panda hadi mwisho, na kabla sijawahi kuzima injini mvuke ukatoka pande zote mbili. Vijana wa pale, Mungu awalipe, walitusukuma kando. Mama ana umri wa miaka 82. Binti mmoja muuza maji alimshika mkono, akamketisha kwenye kigoda cha muuza madafu chini ya mwavuli, naye akitweta. Visheti havikufika Mtongwe siku ile.

Nilirudi nyumbani gari likikokotwa kwa kamba, nimeona haya na hofu imenijaa. Lau Mama angezirai pale folenini, ningewajibu nini wanawe?

GARI LENYEWE

Gari hili ni Datsun 240Z ya rangi ya chungwa, gari la spoti la viti viwili. Wasomaji walio wazee kidogo watalikumbuka jina hilo. Lilitolewa na kampuni ya Nissan ya Japani mwishoni mwa 1969, na huko kwao liliitwa Fairlady Z. Injini yake ni ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wake ni sentimita za mchemraba 2,393, nayo hulishwa petroli na kabureta mbili. Kule Marekani liliuzwa mwanzoni kwa dola 3,526, bei iliyowashangaza watu waliozoea magari ya spoti ya Ulaya.

Kwetu Afrika Mashariki sifa yake ilitoka kwenye vumbi na matope. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa gari la namna hii, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena. Ushindi wa 1973 ulikuwa wa kusisimua, maana Mehta alilingana pointi na Harry Källström aliyeendesha Datsun nyingine, hata ikabidi kanuni za mashindano ndizo ziamue. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, nikiisikiliza Sauti ya Kenya kwenye redio ya jirani.

Ami yangu alikuwa karani wa bandarini. Mwaka 1977, kwa akiba ya miaka mingi, alinunua 240Z kuukuu kutoka kwa mtu aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Watu wa Kibokoni walitoka kwenda kuitazama ilipoegeshwa, kwani vichochoro vyetu havikuweza kuipitisha. Bibi yangu alisema ni gari la mtu asiye na watoto. Ami akacheka, akaliendesha miaka 32.

Alipofariki mwaka 2009 gari liliingia katika mirathi. Wenyewe ni Mama, mwenye thumni yake, na watoto wao watatu: wana wawili, mmoja yuko Maskati na wa pili Dubai, na binti aliyeolewa Malindi. Walikubaliana lisiuzwe, nami nikakabidhiwa nilitunze. Kwa hiyo, ndugu msomaji, jua mapema kwamba gari si langu. Ni amana.

NENO LA FUNDI

Fundi wangu yuko Changamwe, kijana mwenye mikono mepesi. Alifungua boneti, akazungusha puli moja baada ya nyingine, kisha akafuta mikono.

"Mzee," akaniambia, "ugonjwa wako ni hii esi."

Esi ndiyo jina la mafundi la kiyoyozi, yaani mtambo wa baridi. Miaka ile kiyoyozi cha 240Z kilikuwa kitu cha kuongezwa na muuzaji au gereji, na chetu kilitiwa hapa hapa Mombasa mwaka 1984. Huwa na sehemu nne kubwa. Kuna kompresa, pampu nzito iliyofungwa ubavuni mwa injini na kuzungushwa kwa mkanda. Kuna kondensa, wavu wa mabomba membamba uliokaa mbele ya rejeta. Kuna chupa ya kukaushia gesi isiwe na unyevu. Na kuna koili ya ndani, iliyofichwa chini ya dashibodi upande wa abiria, ambayo ndiyo hupoa na kupoza hewa. Gesi huzunguka humo. Kompresa huikandamiza ikawa moto, kondensa huutupa nje ule moto, na gesi ikifika kwenye koili hutanuka na kunyonya joto lote lililomo ndani ya gari.

Watu wengi hudhani mtambo ukizimwa haudhuru kitu. Sivyo. Puli ya kompresa huzunguka daima maadamu injini yazunguka, uwe umewasha baridi au hukuwasha. Beringi yake ilikuwa imekwisha, ikakwama, ikaukata mkanda. Na ile kondensa, iliyojaa mchanga, wadudu na kutu ya chumvi ya bahari, ilikuwa imeiziba rejeta pua kama leso. Gari likienda kasi upepo hupenya kidogo, lakini likisimama kwenye foleni, feni inayozungushwa na injini iliyo taratibu haina nguvu ya kuvuta hewa katika tabaka mbili.

Nilimwuliza kama mtambo waweza kufufuliwa. Akasema waweza, kwa kompresa mpya, kondensa mpya, mipira mipya, chupa mpya, mafuta ya aina nyingine na gesi ya R-134a, ambayo watengenezaji wa magari waliihamia mapema katika miaka ya 1990. Alipotaja bei nikaomba maji ya kunywa.

"Utoe wote," akasema. "Gari litapumua, na litakuwa jepesi."

Nakiri kwamba nilifurahi. Sisi wapenzi wa magari ya zamani tuna tamaa ya siri: twataka gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani, jepesi, injini iwe wazi, mkono uingie kila pembe. Kompresa hula nguvu za farasi kadhaa inapofanya kazi. Nilikuwa nimekwisha lisikia masikioni mwangu gari likipanda mlima wa Mazeras bila mzigo ule. Lakini amana ni amana. Nilikwenda kuomba ruhusa.

MAMA AFUNGUA KINYWA

Wanawe niliwapata kwa simu. Yule wa Dubai na binti wa Malindi waliniambia nifanye nionavyo. Yule wa Maskati alinyamaza, kisha akasema, "Mwulize Mama kwanza. Akikubali yeye, nami nimekubali."

Nilimkuta Mama ukumbini, ametoka kuswali alasiri. Nikamshikia miguu, akaitikia marahaba, nikaeleza habari ya beringi na kondensa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Wajua kwa nini ami yako aliutia mtambo huo?"

Nikasema nadhani kwa ajili ya joto.

"Joto! Sisi tulizaliwa na joto. Nyumba hii ina kuta za mawe nene namna hii na madirisha ya juu. Upepo wa bahari waingia huku watokea huku. Hapana, mwanangu. Ni kwa ajili ya huyu wa Maskati."

Ndipo nikasimuliwa jambo ambalo katika miaka yote ile sikuwahi kulijua. Mwaka 1984 yule mtoto alikuwa na umri wa miaka minne, na pumu ilikuwa imemkaba. Usiku wa kaskazi, hewa ikiwa nzito na vumbi la mkaa wa majirani limetanda, hakuweza kulala. Alikaa kitako akivuta pumzi kwa mabega. Dawa walikuwa nazo na hospitali walikwenda. Lakini siku moja rafiki wa ami aliwapakia katika gari lake lenye baridi, na mtoto akalala njiani. Ami akaliona hilo. Mwezi uliofuata alikopa fedha, akautia mtambo katika Datsun.

"Ikawa kila usiku wa shida," Mama akasema, "mimi nimempakata, baba yake aendesha. Twatoka Kibokoni, twapita Ngomeni, twafuata Mama Ngina, Kizingo, hadi Mbaraki, kisha twarudi. Mara nyingine hadi adhana ya alfajiri. Mshahara ukaishia katika tangi. Watu wakasema karani amepata wazimu, azunguka usiku na mkewe kwa gari la spoti."

Naomba msomaji asichukue hili kuwa ni dawa. Pumu ni ya namna nyingi, na wako ambao baridi ndiyo huwazidishia. Kwa mtoto huyu, hewa kavu isiyo na vumbi ilimfaa, naye alipokua ugonjwa ukamlegea. Leo ni mhandisi na baba wa watoto.

Nilimwambia Mama basi, mtambo usiguswe, nitalifunika gari. Akatikisa kichwa.

"Mimi nalitaka gari linipeleke Mtongwe. Mtambo ulikuwa wa mtoto, na mtoto amekua. Utoe. Lakini usiuuze wala usiutupe kwa watu wa vyuma. Na hiyo gesi iliyomo ndani, msiitoe ikaja kumdhuru mtu. Hiyo ilitufaa."

GESI YA R-12

Neno hilo la mwisho lilinitia katika mabishano na fundi. Nilipofika gereji alikuwa amekwisha shika spana kwenye bomba.

"Nafungua nati hii, inapuliza dakika moja, imekwisha. Haina hata harufu, Mzee."

Ni kweli haina harufu. Gesi yenyewe ni R-12, ambayo wengi waliijua kwa jina la Freon. Iligunduliwa Marekani mwaka 1928 na jopo la Thomas Midgley, kwa nia njema, maana gesi za friji za kabla yake ziliua watu kwa sumu na moto. Lakini mwaka 1974 wanasayansi wawili, Mario Molina na Sherwood Rowland, walionyesha kwamba gesi za namna hiyo hupanda juu sana, jua likazivunja, zikatoa klorini, na chembe moja ya klorini yaweza kuharibu maelfu ya chembe za ozoni. Ozoni ndilo pazia linalotukinga na miale mikali ya jua inayodhuru ngozi na macho. Mwaka 1985 Waingereza waliokuwa wakipima anga la Antaktika walitangaza kwamba pazia hilo linapungua vibaya mno kila majira ya kuchipua ya huko. R-12 ikisha kutoka yaweza kukaa angani miaka 100 hivi, na katika kuitia dunia joto, kilo moja yake huzidi kilo 10,000 za hewa ya ukaa.

Nikamkumbusha fundi kwamba habari hii si ya mbali. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lina makao makuu yake Nairobi, na aliyekuwa mkuu wake wakati huo, Mostafa Tolba wa Misri, ndiye aliyezivuta nchi zikaafikiana huko Montreal tarehe 16 Septemba 1987. Kenya ilijiunga mwaka 1988. Nchi tajiri ziliacha kuitengeneza gesi hiyo kufikia 1996, na nchi zetu kufikia 2010. Wanasayansi wameona kwamba pazia laanza kupona taratibu.

"Sasa wewe na mimi," nikamwambia, "tutoboe tena kwa ajili ya dakika moja?"

Pia kuna hatari ya papo kwa papo. R-12 huchemka kwenye nyuzi 30 chini ya sufuri, kwa hiyo ikimrukia mtu ikiwa maji maji huigandisha ngozi na kupofua jicho. Ni nzito kuliko hewa, hujaa chini katika gereji iliyofungwa. Na ikikutana na moto wa gesi ya kuchomelea hugeuka sumu.

Fundi alikuna kichwa, kisha mwenyewe akamtaja mtu anayetengeneza friji za kuhifadhia samaki, mwenye mashine ya kufyonza gesi. Huyo alikuja na geji zake, akaunga mipira miwili, na sindano zikaruka: miaka yote ile gesi ilikuwamo bado. Akaifyonza hadi geji ikasimama chini ya sufuri. Silinda yake ilipowekwa kwenye mizani ilikuwa imezidi gramu 410. Akaifunga, akaiandika jina, akaenda nayo kwa ajili ya mitambo mingine mizee inayotumia gesi hiyo hiyo.

KAZI YENYEWE

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya spana na subira. Tuliondoa waya wa betri upande wa hasi. Tukachomoa waya wa klachi ya kompresa, tukafungua mipira na kuiziba midomo yake mara moja, kwa kuwa mafuta hubaki ndani. Kompresa ilitoka kwa bolti nne, na ilihitaji watu wawili. Fremu yake ya chuma nayo ikatoka, na bolti zake ndefu tukazibadilisha kwa fupi ili matundu ya injini yasibaki wazi na kuingia kutu.

Kondensa ilipotoka tuliona rejeta kwa mara ya kwanza tangu 1984. Mapezi yake yalikuwa yamejaa tope kavu. Hapa ndipo wengi hukosea: huutoa mtambo wakadhani joto limekwisha, kumbe rejeta yenyewe imeziba. Tuliitoa, tukaipeleka kusafishwa ndani na nje, tukabadilisha themostati na mipira ya maji.

Kisha kulikuwa na kijibomba cha upepo wa kunyonya, ambacho huongeza mwendo wa injini inaposimama ili isizimike kompresa inapoingia. Ukikiondoa, lazima uzibe tundu lake kwenye injini na kurekebisha kabureta upya. Usipofanya hivyo injini itatetemeka na utamlaumu fundi bure.

Koili ya ndani ilituchukua siku nzima, kwa kulala chali na miguu nje ya mlango. Nyuma yake, kwenye ukuta utenganishao injini na abiria, yalibaki matundu matatu: mawili ya mabomba, moja la kutolea maji. Tuliyaziba kwa vizibo vya mpira na gundi isiyopitisha maji. Tundu likisahauliwa, moshi na joto la injini huingia kwa abiria.

Kila kitu kilisafishwa, kikafungwa katika karatasi na kuandikwa: bolti hizi za wapi, waya huu wa nini. Mali bila daftari huisha bila habari. Nilivipima vyote kwenye mizani ya muuza viazi wa Kongowea, vikawa kilo 31. Viko katika sanduku la mbao, stoo ya nyumba ya Mama. Mwana wa Maskati akitaka siku moja kuurudisha mtambo, ataukuta kamili.

KUJARIBIWA

Nililipeleka gari hadi Mariakani na kurudi. Mlima wa Mazeras lililiparamia kwa raha, na sindano ya joto haikupita katikati. Lakini nikiwa njiani niliona aibu nyingine: madirisha yakiwa wazi, moshi wa ekzosi uliingia ndani kwa nyuma. Hiyo ni tabia inayojulikana ya 240Z. Upepo huuvuta moshi kuja mbele, na raba ya mlango wa nyuma ikiwa imechakaa hauna kizuizi. Miaka yote tulikuwa twafunga madirisha kwa sababu ya baridi, hatukujua. Moshi huo waweza kuua. Nilibadilisha raba yote na kuziba tundu za taa za nyuma kabla sijamruhusu Mama kuingia.

Basi wewe mwenye gari la zamani, ukitaka kuutoa mtambo kama huu, kwanza uliza kwa nini ulitiwa na ni mali ya nani. Gesi mwachie mwenye mashine ya kuifyonza, hata akikuambia mtu kwamba hakuna aonaye. Safisha rejeta, ziba kila tundu, badilisha raba ya nyuma, na weka ulichokitoa. Na ikiwa mtambo wako ungali mzima na una mgonjwa au mzee nyumbani, usiutoe kwa ajili ya wepesi tu. Wepesi haumpozi mtu.

Jumapili ile ile kabla ya kusi kuanza tulikwenda tena Likoni. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ya Idd. Tulingoja muda mrefu, na injini ikanguruma taratibu bila kisa. Mama alikuwa ameteremsha kioo mwenyewe kwa kuzungusha mkono, leso mkononi, upepo wa mkondo wamgonga usoni.

"Mama, joto?" nikamwuliza.

"Joto lipo," akasema. "Enda, feri inafungua."

Visheti vilifika Mtongwe vikiwa bado vikavu.